Walichoma Mbegu Wakaokoa Hariri

Tukisikia hariri tunafikiria vazi la bibi harusi. Mimi leo nataka tumfikirie kiwavi anayeitoa, na watu waliotumbukia katika ufukara kwa ajili yake.

Kiwavi huyo hula majani ya mforosadi, kisha hujizungushia uzi mmoja wa mamia ya mita mpaka akajifungia ndani ya kifuko. Uzi huo ndio hariri. Akiachwa, hutoka akiwa nondo na kutaga mayai, ambayo wafugaji huyaita mbegu.

Mwaka 1853 Ufaransa ilivuna tani zipatazo 26,000 za vifuko, nyingi zikitoka kusini. Mwaka 1865 zilibaki tani 4,000 tu. Viwavi walitoka madoa meusi mfano wa unga wa pilipili manga, wakafa kabla ya kufuma. Wafugaji waliagiza mbegu hadi Japani.

Ndipo akatumwa mwanakemia Louis Pasteur katika mji wa Alès. Alikuwa hajapata kumshika kiwavi wa hariri. Alihangaika misimu mitano, na katika muda huo alizika mabinti wawili, na mwaka 1868 akapooza upande mmoja wa mwili.

Dawa hakuipata. Aligundua kwamba ugonjwa hupita kutoka kwa mama hadi kwenye yai. Basi kila nondo jike atage peke yake juu ya kitambaa, kisha asagwe na kutazamwa kwa hadubini. Akikutwa na vijidudu, mayai yake yote yachomwe, hata kama yanapendeza machoni.

Hebu tujiulize, mtu aliyekwisha kufilisika anaambiwa achome mbegu yake ya mwisho! Wafanyabiashara wa mbegu walimpinga vikali. Lakini waliomfuata walivuna.

Kweli, hariri ya Ufaransa haikurudia wingi wake wa zamani, maana Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na hariri ya Asia ikaingia kwa bei nafuu. Hata hivyo, mpaka leo huko Asia kwenyewe nondo mama hupimwa kwanza.

Sisi tukipatwa na janga huuliza dawa iko wapi. Kwa maoni yangu, tungeanza na swali la Pasteur: mbegu tumeitoa wapi, na je, tuko tayari kuichoma iliyooza? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.