Manju wa Mpakani na Akiba ya Maradhi

Zamani, kabla nchi ya Busia haijakatwa na mpaka, manju hakuwa mtu wa kazi moja. Mteso aliyejua kupiga adeudeu, kinubi cha kwao, na Msamia au Mkhayo aliyesifika kwa ngoma za matanga, walikuwa wakulima na wafugaji kama jirani zao, wakiitwa panapo haja, nao wakiisha kutumbuiza hukalishwa kwenye chungu cha pombe ya wimbi, wakapewa mirija mirefu ya kunywea pamoja na wazee, na kuku wa kwenda naye nyumbani. Ijara hiyo, ukiipima kwa mizani ya leo, ilikuwa duni; lakini nyuma yake palikuwapo dhamana isiyoandikwa popote, kwamba manju akishikwa na homa konde lake litalimwa na wengine, mganga atalipwa kwa mbuzi wa ukoo, na aila ambayo maiti wake waliwahi kuliliwa kwa sauti yake haitapita mlangoni pake bila ya kuuliza hali.

Nisidhaniwe kuwa naisifu zamani kwa sababu ni zamani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yaliingia katika mwambao wa Ziwa Viktoria, yakafagia vijiji vya Busoga na kuwafikia Wasamia, na palipokufa ukoo mzima dhamana nayo ilikufa pamoja na wadhamini wake. Na huko Alupe, baina ya Busia na Malaba, palikuja kujengwa hospitali ya wakoma, watu wa maradhi yanayokula vidole, ambavyo kwa mpiga kinubi ndiyo rasilimali yote aliyonayo.

Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Mpaka ukaja kutua katikati ya Wateso na katikati ya Wasamia, ndugu hawa wakawa raia wa huku na wale wa kule. Ikafuata shilingi mwaka 1921, ikafuata reli iliyopita Malaba ikielekea Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, kisha yakaja malori. Na kila kilichokuja kilimleta mgeni mwenye fedha mkononi, asiyekuwa na konde la jirani yeyote wala maiti wa kuliliwa, ambaye alitaka kuburudishwa usiku mmoja, alipe, na alfajiri aendelee na safari. Kwake yeye manju alikuwa ni wa kuajiriwa, na ijara ikiisha kutolewa hapakuwa na haki iliyobaki baina yao. Wanamuziki hawakulalamika, na kwa nini walalamike, ilhali noti ya usiku mmoja ilizidi kuku wa mwezi mzima?

Gitaa nalo likashika mahali pa kinubi. Katika nchi ya Waluhya alitokea George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963 angali kijana, na ufundi wake wa vidole ukaigwa hadi mpakani. Alitokea pia Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Kyambogo nchini Uganda mwaka 1939, ambaye sauti yake ilivuka mpaka bila ya kuulizwa hati. Desturi ya wenye kurekodi siku zile ilikuwa aghalabu kumpa mwimbaji fedha taslimu mara moja, akatia sahihi, na sahani ikauzwa miaka na miaka bila ya yeye kuona senti nyingine. Mwaka 2001 Kenya ilimzika mwimbaji mwenzake, Fadhili William, mwezi wa Februari, na Kabaka mwezi wa Novemba, wala katika wawili hao hakuna aliyeacha mali iliyolingana hata kidogo na umaarufu wa sauti yake.

Lakini aliyetaka kuona fedha zikija na kupotea angefika Busia na Malaba katika miaka ya magendo. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Uganda, ambao serikali ya Idi Amin iliwalipa kwa noti zisizonunua kitu, waliivusha kahawa yao usiku kuileta Kenya, kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli. Mabaa yalikesha. Mfanyabiashara aliyetoka kuuza magunia yake alitaka jina lake litajwe katika wimbo, na akitajwa husimama, akaenda mbele, akabandika noti katika kipaji cha mwimbaji kinachotiririka jasho, na mwenzake asikubali kushindwa akabandika mbili. Mapato ya namna hii yana kasoro moja: hayana siku maalumu, basi na matumizi yake hayana. Mwenye mshahara huijua tarehe, hupanga. Manju hujua usiku tu, na asubuhi ana deni la nyuzi, la chumba, na la soda za wapiga ngoma wake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, bei ya kahawa ikaja kushuka, na fedha zile hazikuacha hata zahanati moja.

Na serikali je? Bima ya taifa ya hospitali iliundwa Kenya mwaka 1966, nayo iliwakusudia watu wa mshahara, waliopata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi na kukatwa shilingi 20. Mlango wa kujiunga kwa hiari ulifunguliwa mwaka 1972, lakini mlango usiopitwa na karani wa kukukata fedha kabla hujaziona ni mlango ambao mtu wa usiku huusahau. Haikuonekana hasara yake mara moja, maana hospitali za serikali zilikuwa hazitozi. Desemba 1989 Kenya ikaanza kutoza ada, na ni mwezi huo huo aliokufa Philly Lutaaya, mwimbaji wa Uganda aliyerudi kutoka Sweden na kutangaza hadharani kuwa ana ukimwi. Oktoba ya mwaka huo alikuwa amekufa Franco, mwimbaji wa Kongo, miaka miwili baada ya kuimba kuwatahadharisha watu na maradhi hayo. Katika miji ya malori kama Malaba, ambako mwimbaji na dereva walikunywa meza moja, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Uganda nayo ilifuta ada za hospitali zake za serikali mwaka 2001, na tangu hapo wagonjwa wa Busia ya huku wamekuwa wakivuka kwenda kutafuta dawa kule.

Kilichobaki cha dhamana ya kale ni mchango, na hapa sharti tutue kidogo. Tazama matanga ya magharibi ya Kenya. Jenereta na spika hufikishwa jioni zikiwa zimefungwa kwa kamba za mpira juu ya bodaboda; mwanamuziki hupiga hadi alfajiri, vijana wakicheza ile disko matanga ambayo machifu wamekuwa wakiipiga marufuku mwaka hata mwaka; na mezani, chini ya taa, yupo mtu mwenye daftari la kurasa za mistari, anaandika majina na kiasi. Ukilisoma daftari hilo utakuta jeneza, gari, mahindi, ng'ombe, na juu ya yote deni la hospitali, kwa kuwa aghalabu maiti haitoki mochari mpaka deni liishe. Yaani matibabu yale yale ambayo mgonjwa alikosa watu wa kumchangia angali hai, sasa amekuwa maiti yanachangiwa katika majuma mawili. Mimi naona hili ndilo jambo ambalo mwanamuziki wa mpakani angelijua kuliko wote, kwa maana amesimama kando ya daftari hilo usiku mwingi na akalipwa kutoka humo humo. Na bado naye husubiri zamu yake ya kuchangiwa.

Hata wenye majina makubwa wamechangiwa. Benson Wanjau, mwigizaji aliyejulikana nchi nzima kwa lakabu ya Mzee Ojwang', alihitaji hisani ya umma ili atibiwe macho, naye akafariki Julai 2015. Charles Bukeko, mwigizaji aliyeitwa Papa Shirandula, mwana wa Busia, alifariki tarehe 18 Julai 2020 na kuzikwa nyumbani kwao Namisi. Simtaji kwa kuwa alikuwa fukara, bali kwa kuwa jina lilikuwa bado katika kilele chake, na mwili haukuliuliza jina. Ni mwaka huo mabaa yalifungwa kwa sababu ya korona, malori yakapangana maili nyingi kungojea vipimo Malaba na Busia, na serikali ikaahidi shilingi milioni 100 kwa wasanii wa nchi nzima, fedha ambazo zikigawanywa zingempa kila mmoja sabuni na unga.

Tangu Oktoba 2024 bima ile ya 1966 imeondoka, na mahali pake umekuja mfuko mpya ambao mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na kutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Wengi wa mpakani wameushutumu mkupuo huo, na kwa mchuuzi wa mboga shutuma ni haki. Manju, hata hivyo, ana Desemba: ndugu hurudi kutoka Nairobi, harusi na matanga hufuatana, na katika majuma manne anaweza kupokea kiasi ambacho Machi nzima haitampa. Fedha ya mkupuo hutolewa katika fedha ya mkupuo, siku ile ile, kabla ya kurudi kwenye meza. Kisha iko akiba ya pembeni, maana bima hailipi kodi ya nyumba ya mtu aliyelazwa wala nauli ya mkewe kwenda kumtazama hospitalini Eldoret. Kwa akiba hiyo, tangu mwaka 2011 upo mpango wa pensheni ya Mbao, wa shilingi 20 kwa siku, na viko vyama vya mzunguko ambavyo waendesha baiskeli wa Busia wanaviendesha vizuri kuliko wanamuziki. Na mpiga gitaa wa Uganda anayepata riziki yake Malaba ya Kenya azingatie kwamba kwao hakuna mfuko wa taifa wa namna hii, basi kikundi chake kimhesabu yeye pia wakati wa kuweka, ama sivyo gharama yake itakuja kuangukia kikundi hicho hicho.