Elimu ya afya ya uzazi kwa vijana, Msambweni
Mafunzo kuhusu kubaleghe, hedhi, mimba na magonjwa ya zinaa kwa vijana wa vijiji vya Msambweni, Kaunti ya Kwale. Zamani, pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima aliyemfunza usafi, staha na unyumba. Somo aliaminiwa, na hiyo ni hazina isiyofaa kupotezwa. Lakini mafunzo yake yalilenga ndoa, na mvulana hakuwamo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15–19 wamewahi kushika mimba. Miongoni mwa vidhibiti mimba, kondomu pekee hukinga pia Ukimwi. Tangu 1994 miongozo ya serikali humruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni.