Kadi ya grafiki na kadi ya TV: majirani wa sloti, na kwa nini moja tu imebaki

Ukikuta dekstopu ya zamani imetupwa stoo, iwe ya shule au ya steshenari iliyofungwa, ifungue ubavu uangalie ndani. Kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi, huenda ukakuta kadi mbili zimesimama sloti jirani. Moja ina tundu la bluu lenye vishimo 15, la kuchomekea monita. Nyingine, kama una bahati, imebeba kisanduku cha bati kinachong'aa, na nyuma yake kuna tundu la duara la waya wa antena. Ya kwanza ni kadi ya grafiki. Ya pili ni kadi ya TV, au tyuna kama wengi walivyozoea kuiita.

Miaka ya 2000 kadi hizi ziliuzwa kaunta moja, kwenye maboksi yanayofanana. Leo ndugu wa ile ya kwanza ndio wanaoendesha akili bandia duniani, na kampuni ya NVIDIA imetajirika kwa ajili yao. Ile ya pili hata fundi ukimpa bure anasitasita. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa haraka haraka: teknolojia imepitwa na wakati. Mimi naona jibu hilo ni la uvivu. Na ukitaka kuona uvivu wake, kaa Nansio uitazame historia ukiwa kisiwani.

Tuanze na jambo ambalo wasomaji wengi wadogo hawalijui. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nayo, kwa upande wa Bara, ilihesabiwa anasa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, lakini Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ikafuata miaka michache baadaye, na kanda yetu ikapata Star TV yenye makao yake Mwanza. Kwa hiyo vitu viwili vilivyokuwa havitakiwi, kompyuta na televisheni, viliingia mikononi mwa watu wa kawaida karibu wakati mmoja. Kadi ya tyuna ilikuwa mahali vilipokutana. Mwanafunzi mwenye dekstopu ya mtumba na monita ya kichogo hakuhitaji kununua TV. Alihitaji kadi moja na waya wa antena.

Sasa twende ndani ya kadi zenyewe, kwa sababu kuzilinganisha bila kujua kazi zake ni sawa na kulinganisha mtumbwi na nyavu.

Kadi ya grafiki inatengeneza picha. Prosesa inaipa maelekezo, yenyewe inakokotoa rangi ya kila nukta, inaihifadhi kwenye kumbukumbu yake na kuipeleka kwenye monita mara 60 au zaidi kwa sekunde. Kila kinachohitajika kimo ndani ya boksi. Kadi ya tyuna haitengenezi kitu. Inapokea. Kile kisanduku cha bati kinachagua mawimbi ya kituo kimoja kati ya mengi yanayopita hewani, chipu nyingine inayageuza kuwa namba, kisha namba hizo zinasukumwa kwenda kwenye kioo.

Kazi hiyo ya kusukuma si ndogo. Mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia una mistari 625, ambayo inayoonekana ni 576, na picha 25 kwa sekunde. Ukichukua nukta 720 kwa kila mstari, na baiti 2 kwa kila nukta, unapata 720 × 576 × 2 × 25, yaani takriban MB 21 kila sekunde. Njia ya PCI ambayo kadi hizi zilichomekwa ilikuwa na uwezo wa MB 133 kwa sekunde, tena ikigawana na kadi za sauti na mtandao. Prosesa za miaka ya 1990 zingeulizwa kubeba mzigo huo zenyewe, zingekwama.

Ufumbuzi ulikuwa wa kijanja. Chipu kama Bt848 ya kampuni ya Brooktree ziliweza kuandika picha moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kadi ya grafiki, bila kumpitia prosesa. Kadi mbili zikawa zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Kama uliwahi kujaribu kupiga picha ya skrini wakati TV inaendelea, ukapata kipande cheusi au cha bluu mahali pa mtangazaji, basi chanzo kilikuwa hiki: kwa programu nyingine, pale palikuwa na rangi moja tu, picha yenyewe iliingizwa juu yake baadaye na kadi ya grafiki. Nakumbuka watu wakisema ni virusi.

Kwa hiyo swali la dukani lilikuwa: ununue kadi mbili tofauti, au moja yenye vyote? Kampuni ya ATI ilitoa mfululizo wa All-in-Wonder kuanzia mwaka 1996, grafiki na tyuna kwenye ubao mmoja. Inapendeza kwa macho, na inaacha sloti moja wazi. Lakini fikiria kidogo. Grafiki za miaka ile zilikuwa zinazeeka upesi mno. 3dfx walileta Voodoo mwaka 1996, mwaka uliofuata Intel wakaleta njia ya AGP yenye kasi mara mbili ya PCI, na mwaka 1999 NVIDIA wakatoa GeForce 256. Tyuna haikuzeeka kabisa, kwa sababu PAL ilikuwa ileile. Ukinunua kadi ya pamoja, unafunga kitu kinachooza na kitu kisichooza kwenye mfuko mmoja. Kwa maoni yangu, mtu wa kipato cha kawaida alikuwa salama zaidi na kadi mbili. Ajabu ni kwamba, kama utakavyoona, mwishoni ile isiyooza ndiyo iliyooza kwa siku moja.

Kulikuwa na mtego mwingine usioandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. PAL ni jina la rangi tu. Sauti ina desturi zake. Kwenye mfumo wa B/G sauti inakaa MHz 5.5 juu ya picha, kwenye I inakaa 6.0, na kwenye D/K, unaotumika China, inakaa 6.5. Ukiwa na kadi iliyopangiwa D/K ukaifungua kwenye nchi ya B/G, picha inakuja safi kabisa, na sauti ni mchirizo mtupu. Mara nyingi dawa ilikuwa kubadili mpangilio mmoja kwenye programu. Wengi walihitimisha kwamba kadi ni mbovu.

Haya, turudi Nansio, maana hapa ndipo tofauti ya kadi hizi mbili inapokuwa kali.

Kutoka Mwanza mjini hadi Nansio ni karibu kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, nyingi zikiwa juu ya maji. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga. Yanazuiwa na mviringo wa dunia. Kanuni ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha kwa 4.12, unapata umbali kwa kilomita. Mnara uliosimama mita 100 juu ya ziwa una kipeuo cha 10. Antena juu ya mlingoti wa mita 9 ina kipeuo cha 3. Jumla 13, mara 4.12, unapata kilomita 53 na ushee. Umeona? Anayetegemea mnara kama huo kutoka Mwanza yuko ukingoni kabisa. Mita chache za mlingoti zinaamua kama unaona mpira au unaona chenga.

Na ukingoni, dekstopu yenyewe inakuwa adui. Ndani ya lile boksi kuna pawa saplai inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, prosesa, na hiyo kadi ya grafiki, vyote vikimwaga kelele ya redio. Ndiyo sababu tyuna inavalishwa bati. Mjini, karibu na mnara, kelele hiyo huioni. Kwenye mawimbi dhaifu unaiona kama mistari na chenga za ziada, na kadi ya grafiki yenye nguvu zaidi inaweza kuharibu mambo zaidi. Kwa hiyo ushauri kwamba kadi ya ndani ni bora kuliko kisanduku cha nje haukufaa mahali kama hapa. Kile kisanduku cha nje, kinachokaa kati ya antena na monita, kilikuwa na faida mbili: kiko mbali na kelele, na kinafanya kazi kompyuta ikiwa imezimwa. Kwa mtu anayehesabu uniti za umeme, hiyo ya pili si jambo dogo.

Kisha ukaja mwaka 2013.

Mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva mwaka 2006 ulikubaliana kwamba nchi za eneo letu, Ulaya na Mashariki ya Kati ziache kulinda matangazo ya analojia ifikapo 17 Juni 2015. Tanzania haikusubiri. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa 31 Desemba 2012, na ratiba ikaendelea mkoa kwa mkoa. Zamu ya Mwanza ilikuwa 28 Februari 2013. Kuanzia hapo, bila king'amuzi huna TV.

Kile kisanduku cha bati hakikuharibika usiku ule. Hakuna sehemu yake iliyoungua. Kilikuwa kinasikiliza vizuri tu, ila hakukuwa na mtu anayesema kwa lugha yake. Kadi ya grafiki kwenye sloti ya jirani haikuhisi chochote. Kwa hiyo tunaposema "imepitwa na wakati", tunaficha nani aliamua na nani alilipa. Kulikuwa na sababu nzuri: dijitali inabeba vituo vingi mahali ambapo analojia ilibeba kimoja, na masafa yaliyoachwa wazi yana thamani. Mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa ya MHz 700, yaliyokuwa ndani ya eneo la televisheni, yakaenda kwa makampuni ya simu. Lakini gharama ya king'amuzi ililipwa na kaya mojamoja, na kwa aliyekuwa ukingoni kulikuwa na hasara nyingine. Analojia inadhoofika polepole: unaona chenga, lakini matokeo ya mechi unayapata. Dijitali inakupa picha safi, kisha ghafla inaganda na kukata. Sishangai kwamba madishi yaliongezeka Azam TV ilipoingia mwishoni mwa 2013; setilaiti haijali mviringo wa dunia.

Kadi ya tyuna iliweza bado kupokea waya wa njano wa king'amuzi, kwa hiyo monita yako ilibaki na kazi. Ila hapo tyuna yenyewe haikuwa tyuna tena, ilikuwa mlango wa waya. ATI, iliyonunuliwa na AMD mwaka 2006, ilitoa All-in-Wonder yake ya mwisho mwaka 2008.

Ila kuna mjukuu mmoja wa tyuna ambaye wanafunzi wa fizikia na uhandisi wanapaswa kumjua. Ni tyuna ya USB, ndogo kama flashi, yenye chipu ya RTL2832U, iliyotengenezwa kwa ajili ya TV ya dijitali ya Ulaya. Mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba chipu hiyo inaweza kulazimishwa kutoa mawimbi ghafi, kabla ya kuyageuza kuwa picha, na kompyuta ikafanya kazi iliyobaki kwa programu. Aina iliyozoeleka inasikia kuanzia kama MHz 24 hadi 1,766. Vifaa vya maabara vya kazi hiyo vilikuwa vya bei ya kutisha. Hiki ni cha makumi ya dola.

Ndani ya masafa hayo kuna MHz 1,090, ambapo ndege za abiria hutangaza mahali zilipo na kimo chake. Rudia hesabu yetu ya mlingoti, safari hii mnara ukiwa ni ndege iliyo juu ya ziwa kwa mita 10,000. Kipeuo chake ni 100. Jumlisha 3 ya antena yako, zidisha kwa 4.12: kilomita 424. Ukiwa Nansio, hiyo inakufikisha mbali kupita Entebbe.