Libtool na Lahaja za Mifumo Endeshi

Sisi wanaisimu tumezoea kulichunguza suala la usanifishaji katika lugha za wanadamu pekee. Makala haya yanakusudia kulitazama katika uwanja wa tarakilishi, na hasa katika historia ya chombo kiitwacho Libtool. Hoja yangu ni kwamba waundaji wake walikabiliwa na lahaja nyingi, nao hawakuwa na mamlaka ya kuteua moja iwe sanifu. Kwa hiyo wakaweka mkalimani. Gharama ya uamuzi huo ilikuja kulipwa baadaye, na aghalabu na watu wengine.

Kwanza hapana budi kueleza istilahi. "Maktaba" kwa watunzi wa programu ni mkusanyiko wa vijisehemu vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo programu nyingine huvitumia badala ya kuviandika upya. Hapo awali kila programu ilinakili ndani yake vijisehemu ilivyovihitaji. Programu kumi zikihitaji kijisehemu kimoja, nakala zilikuwa kumi. Maktaba ya pamoja iliuondoa upotevu huo: nakala ni moja, na kila programu huifikia wakati wa kuendeshwa. Tena, kosa likisahihishwa ndani ya maktaba, programu zote ziitumiazo hufaidika bila ya kuundwa upya.

Maktaba za namna hii zilipata kuwamo katika System V Release 3 ya mwaka 1986, na kwa ubora zaidi katika SunOS 4.0 ya mwaka 1988. Lakini kila kampuni ilishika njia yake. Faili za Sun ziliishia kwa .so, na zile za HP-UX kwa .sl. AIX ya IBM iliziweka ndani ya faili za .a, kiishio ambacho kwingineko ni cha maktaba za kawaida. Wala tofauti haikuwa ya majina tu. Ili msimbo uweze kupakiwa mahali popote katika kumbukumbu, kompaila ya GNU ilitaka iambiwe -fPIC, ya Sun -KPIC, na ya Hewlett-Packard +z au +Z. Mtunzi aliyetaka maktaba yake itumike kote alilazimika kuzijua lahaja hizi zote na kuziandikia kanuni yeye mwenyewe, na jirani yake naye akaianza kazi ile ile upya.

Mwaka 1996 Gordon Matzigkeit, akifanya kazi katika mradi wa GNU, alianza kuandika Libtool. Aliiandika kwa lugha ya sheli, kwa kuwa sheli ilipatikana katika kila Unix. Mtunzi hutoa amri moja. Libtool hutambua imo katika mashine gani, kisha huifasiri amri hiyo kwa lahaja ya hapo. Inapohitajika, kila faili ya msimbo hukompailiwa mara mbili, mara moja kwa maktaba ya pamoja na mara ya pili kwa maktaba ya kawaida, na mazao ya kweli hufichwa katika saraka ya .libs. Mtumiaji huonyeshwa faili ndogo ya .la, ambayo ni maandishi matupu yanayoeleza maktaba ilipo na inategemea nini. (Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kama ijulikanavyo, ulifuata njia nyingine: uliteua Kiunguja.)

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi na wanaisimu, kwa maoni yangu, ni utaratibu wa namba. Libtool huipa maktaba namba tatu: ya sasa, ya marekebisho na ya umri. Wengi hudhani kwamba hizo ni namba za toleo, kama tusemavyo chapa ya pili ya kitabu. Sivyo. Hizo ni namba za mapatano baina ya maktaba na waitumiao. Msimbo ukirekebishwa ndani kwa ndani, namba ya marekebisho pekee huongezeka. Mapatano yenyewe yakibadilika, namba ya sasa huongezeka na ya marekebisho hurudi sifuri. Ikiwa yameongezwa maneno mapya tu, umri nao huongezeka, maana wasemaji wa zamani bado wanaelewana na maktaba. Bali neno la zamani likiondolewa, umri huwa sifuri. Kwa mfano, maktaba yenye 3:0:1 hupata katika Linux jina linaloishia kwa .so.2.1.0, ambapo 2 ni tofauti ya 3 na 1. Sijaona maelezo yaliyo wazi kuliko haya ya tofauti iliyopo baina ya lugha kukua na lugha kuvunjika.

Basi lahaja zikaanza kukaribiana. Solaris, kisha Linux, na mwaka 1998 FreeBSD 3.0, zilikuwa zimeupokea mtindo mmoja wa faili uitwao ELF. Mkalimani hakuondoka. Faili za .la zilitaja utegemezi wote kwa mnyororo, hata usiohitajika, na faili moja ikihamishwa uundaji wa programu ya mbali ulikwama. Debian ikaamua kuziondoa katika vifurushi vyake. Mwaka 2012 Poul-Henning Kamp alilalamika katika ACM Queue kwamba hati ya kuitayarisha Libtool, yenye mistari zaidi ya 31,000, ilikuwa bado inachunguza vitu ambavyo havikukosekana ila katika mashine za kale zisizoweza hata kuiendesha. Lawama hiyo ni ya haki, ingawa nadhani inasahau hali ya mwaka 1996. KDE ilikuwa imekwisha kuhamia CMake ilipotoa toleo la 4 mwaka 2008.

Libtool 2.4.6 ilitoka mwaka 2015, na 2.4.7 mwaka 2022, baada ya kimya cha miaka saba, 2.5.4 ikafuata mwaka 2024. Katika AIX maktaba za pamoja bado hukaa ndani ya faili za .a, na huko mkalimani angali na kazi.