Programu huria: flashi ya rafiki bila kuvunja sheria

Uko Ipole, Sikonge, una kompyuta ila huna programu ya kuandikia. Rafiki anakuletea kwenye flashi, imekrakiwa. Hapo umevunja leseni, na pengine umebeba na virusi.

Leseni ni masharti ya mwenye programu: nani aitumie, aigawe au aibadilishe. Bure si lazima iwe huria. WhatsApp hulipii, lakini huruhusiwi kuibadilisha. LibreOffice ni huria. Ukishaipakua Tabora mjini, wagawie darasa zima, na haihitaji bando kufanya kazi.

Uhuru huo ndio uliowezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kiolesura chake (menyu, vitufe, madirisha) kikiwa kwa Kiswahili.