Jembe la Miaha: Lawama na Jinsi ya Kike katika Kisasili cha Asili ya Kazi, Nyanza

Kando ya Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, husimuliwa kisasili cha jembe lililolima peke yake. Hapo kale, yasemekana, Nyasaye aliwapa watu jembe ambalo halikuhitaji jasho. Mtu alilipeleka shambani, akaligusisha ardhi, kisha akarudi nyumbani. Jioni shamba lilikuwa limekwisha kulimwa. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mtu asijisumbue kulima kwa mikono yake. Ndipo siku moja akaja mke mgeni, aliyeolewa karibuni, akalishika jembe na kulima kwa nguvu zake zote. Tangu hapo jembe likakataa kwenda peke yake, na wanadamu wakabaki na mpini mikononi.

Masimulizi hutofautiana kwa sehemu na kwa msimulizi, lakini kiini chake ni hicho. Walimu wa dini na wasomi wengi wa visasili wamekisoma kisa hiki kama ndugu wa kisa cha Bustani ya Edeni: huko Hawa na tunda, huku mke na jembe, kote mwanamke ndiye aliyeharibu. Ulinganisho huu una ushawishi kwa sababu ni mwepesi. Lakini ukitazamwa kwa makini, hasa kwa upande wa lugha, unaonekana kuwa umeficha jambo kubwa kuliko lile unalolieleza. Kisasili cha jembe hakimlaumu mwanamke kwa kuwa ni mwanamke. Kinamlaumu miaha.

Miaha, kwa Kijaluo, ni mke aliyeolewa karibuni, ambaye bado yumo katika hali ya ugeni nyumbani kwa mumewe. Si jina la mtu, wala si jina la jinsi. Ni jina la nafasi, na nafasi hiyo hupita. Wajaluo hawaoani ndani ya ukoo mmoja. Kwa hiyo kila mke katika boma ametoka kwingine, na kila mavyaa alikuwa miaha zamani zake. Wanawake waliozaliwa katika boma hilo hawamo katika lawama ya kisa, wala hayumo mama mwenye nyumba. Aliyelaumiwa ni yule ambaye hakuyajua masharti ya mahali alipofika, au aliyeambiwa asiyaelewe, na ambaye hakuwa na ndugu wa kumtetea.

Hapa yafaa kutaja jambo dogo la msamiati. Kijaluo huandika kwa herufi zile zile kwer, yaani jembe, na kwer, yaani mwiko. Si lazima kudai kwamba maneno hayo mawili yana asili moja, na mwanaisimu mwangalifu atasita kufanya hivyo. Inatosha kuona kwamba msikilizaji wa kisa hiki huyasikia yote mawili yakikaribiana. Na mwiko wa jembe haukuwa wa hadithini tu. Katika boma la Kijaluo msimu wa kupanda ulikuwa na utaratibu wake, ulioitwa golo kodhi: mwenye boma na mke wake mkubwa, mikayi, ndio waliotangulia, kisha wengine kwa zamu ya ukubwa wao. Aliyepanda kabla ya zamu yake alihofiwa kuwaletea watu chira, yale maradhi ya kudhoofu yafuatayo uvunjaji wa miko. Katika utaratibu huo mke wa mwana, tena aliyefika jana, ndiye wa mwisho. Kwa hiyo msikilizaji wa zamani alipoambiwa kwamba miaha alilitwaa jembe kwa hiari yake, hakuhitaji kuelezwa kosa. Alilijua. Kosa lilikuwa la zamu.

Lakini hapa ndipo kisa kinapouma. Kwa nini miaha alilima? Katika masimulizi mengi alilima ili aonekane kuwa mchapakazi. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayodaiwa kwa kila mkaza mwana tangu siku ya kwanza: aamke mapema, achote maji, asage, asingoje kutumwa. Miaha ametimiza alichotakiwa, na kwa kukitimiza amehukumiwa. Hawa alilaumiwa kwa kutamani maarifa. Huyu amelaumiwa kwa bidii. Kisa kinajua mtego huo. Hakimwonyeshi kuwa mlafi wala mwongo, na hakuna nyoka wa kumshawishi. Pengine wasimulizi wa kwanza, ambao wengi wao walikuwa akina nyanya wakiwasimulia wasichana usiku katika siwindhe, nyumba ya kulala wasichana, hawakukusudia lawama tu, bali onyo kuhusu nyumba za watu: kwamba huko utakakokwenda, hata wema wako unaweza kuhesabiwa kuwa kosa.

Visa vingine viwili vya mwambao huo vinaweza kutumika kama mizani. Cha kwanza ni cha Luanda Magere, shujaa wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Adui zake walimpa binti yao awe mke wake. Huyo akagundua kwamba nguvu za mumewe zimo katika kivuli, akawapelekea watu wake habari. Hapa tena lawama iko kwa mke aliyetoka nje, na hapa tena inategemea msimulizi ameketi upande gani, maana kwa watu wake binti huyo hakuwa msaliti hata kidogo. Cha pili ni cha Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi wa Gwassi, pande za Nyandiwa. Yeye alimvua ziwani mwanamke mzee, akamfanya mke, na kwa baraka za mwanamke huyo zizi likajaa ng'ombe. Kisha akalewa, akamtukana. Mwanamke akashika njia kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata, Nyamgondho akabaki ufukweni ameegemea fimbo yake hata akageuka kitu kisicho na uhai.

Hakuna anayebisha kwamba kosa la Nyamgondho ni la Nyamgondho. Mwanamume ndiye aliyeiondoa neema, naye alikuwa mwenyeji kwao, si mgeni. Hata hivyo haijasikika mtu akihitimisha kutokana na kisa hicho kwamba wanaume ndio walioleta umaskini duniani. Kosa la mume hubaki la mtu mmoja mwenye jina, tena pamoja na jina la baba yake. Kosa la miaha asiye na jina ndilo lililotandazwa hata likawafunika wanawake wote. Utandazaji huo haukufanywa na kisasili. Ulifanywa na wafasiri, na una historia yake.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wamisheni wa Kikatoliki wa Mill Hill walifuata katika miaka michache, na mwaka 1906 Waanglikana wakaanza kazi Maseno, Waadventista nao Gendia. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Mpangilio huu wa miaka una maana yake. Barua ya kwanza kwa Timotheo, inayosema kwamba aliyedanganywa hakuwa Adamu bali mwanamke, ilikuwamo katika kitabu kizima cha Kijaluo zaidi ya robo karne kabla ya Biblia kamili. Kwa wasomaji wengi hukumu ilitangulia kusomwa. Kesi yenyewe ilisikika zaidi vinywani mwa wahubiri, nao wahubiri walihitaji mfano wa nyumbani. Mfano ulikuwapo tayari, ukiwa na jembe mkononi.

Okot p'Bitek, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Kisumu akifanya kazi ya elimu ya watu wazima ya Chuo Kikuu na kuandaa tamasha la sanaa mjini humo, alitoa onyo linalofaa kukumbukwa hapa. Katika kitabu chake cha 1971 juu ya dini ya Waluo wa Kati alieleza jinsi wamisheni walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Swali halikuwa na maana katika lugha yao. Likageuzwa kuwa ni nani aliyewafinyanga. Na wazee wakamtaja Rubanga, pepo apindaye migongo ya watu. Basi Rubanga akawa Mungu Muumba katika vitabu. Anayeuliza swali la kwao hupewa jibu linalofanana na swali. Ndivyo ilivyokuwa kwa kisa cha jembe: anayetafuta Hawa wa Nyanza hakosi kumpata.

Na huyo Hawa mwenyewe je? Matini ya Kiebrania ya Mwanzo, sura ya tatu, inasema kwamba mwanamke alipokula alimpa mumewe aliyekuwa pamoja naye. Maneno hayo mawili, pamoja naye, katika Kiebrania ni neno moja tu, lakini hubadilisha mandhari yote. Mume hakuwa shambani akaja kudanganywa baadaye, alikuwapo, akanyamaza. Tafsiri ya Kilatini ya Hieronimo ililiacha neno hilo. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano ya 1952 nayo haina maneno hayo: mwanamke anakula, anampa mumewe, naye anakula. Msomaji wa Kisumu aliyeshika Biblia hiyo ya Kiswahili hakuwa na njia ya kujua kwamba shahidi wa pili alikuwa amesimama pale pale. Hata hivyo ni lazima kukiri kwamba katika Edeni Mungu alifanya baraza. Aliuliza mume, akauliza mke, kila mmoja akajibu, ijapokuwa mume alimsukumia mkewe, na mke akamsukumia nyoka. Miaha hakuulizwa neno.

Waislamu wa Kisumu husoma kisa hicho kwa namna nyingine tena. Katika Kurani Shetani anawateleza wote wawili, na katika Sura Taha anayenong'onezwa na anayetajwa kuwa ameasi ni Adamu. Mke hatajwi hata kwa jina. Jina Hawa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wafasiri Wakristo walilichukua kutoka hapo. Kwa hiyo Kiswahili cha mwambao wa ziwa kina neno moja kwa wanawake wawili wenye mashtaka yasiyolingana.

Jambo ambalo wafasiri wa kidini hawakuligusa ni jembe lenyewe. Jembe la chuma lilikuwa mali. Wahunzi wa Samia, kaskazini mwa Ghuba ya Winam, walilifua na kuliuza mbali, na lilitumika hata katika mahari. Baada ya reli likaja jembe la kiwandani, rahisi zaidi. Na pamoja nalo ikaja kodi, iliyowapeleka wanaume katika mashamba ya walowezi, bandarini na mijini. Margaret Jean Hay, katika utafiti wake juu ya Kowe katika eneo la Seme, ameonyesha jinsi wanawake walivyobeba sehemu kubwa zaidi ya kilimo wakati wa ukoloni, na jinsi walivyojaribu mazao na zana mpya. Hapo ndipo kisasili kilipopata makali mapya. Katika Mwanzo adhabu ya kulima kwa jasho ilitamkwa kwa mwanamume. Mwanamke alipewa uchungu wa kuzaa. Huku ziwani, kufikia miaka ya 1930, aliyezaa na aliyelima alikuwa mtu mmoja, na kisa kilikuwa tayari kumweleza kwamba jembe lilimwelemea kwa makosa yake. Wamisheni waliohubiri kuwa kazi ni sala wangeweza kumfanya miaha awe mtakatifu wao. Hawakufanya hivyo.

Lawama ya namna hiyo haikukaa hadithini. Mwaka 1963 Gaudencia Aoko, mwanamke kijana, alijitokeza pamoja na Simeo Ondeto katika vuguvugu la Legio Maria, akabatiza watu kwa maelfu na kupiga vita uchawi. Yasimuliwa kwamba alikuwa amefiwa na watoto wake wawili siku moja. Katika boma, vifo vya watoto humtazama kwanza mama: amevunja mwiko gani? Aoko hakungoja kuulizwa, aliuliza yeye. Baadaye ukasisi wa kanisa hilo ulibaki mikononi mwa wanaume, naye akajitenga.

Lugha nayo imehifadhi ushahidi wa upande wa pili. Kitenzi cha Kijaluo cha kuumba ni chweyo, na hicho hicho ndicho cha kufinyanga chungu: Nyasaye ni Jachwech, na mfinyanzi ni jachwe agulu. Kiswahili kimezitenga kazi hizo mbili, kuumba na kufinyanga. Kijaluo hakikuzitenga, na kwa hilo kiko karibu zaidi na Kiebrania, ambacho pia humfanya Mungu kuwa mfinyanzi wa mtu wa kwanza. Sasa, ufinyanzi kwa Wajaluo ni kazi ya wanawake. Utafiti wa Ingrid Herbich uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba wafinyanzi wengi hujifunza kazi hiyo baada ya kuolewa, wakifundishwa na mavyaa wao. Miaha huyo huyo aliyeharibu jembe ndiye, katika boma lile lile, anayeketi chini kujifunza kitenzi cha Muumba.

Grace Ogot alipoandika riwaya yake ya Kijaluo mwaka 1983, aliipa jina Miaha. Alikichukua kisa cha jembe akakirudisha katika lugha yake, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kumpa mtuhumiwa jina: Nyawir, mke wa Owiny. Mwenye jina huwa na mawazo, na mwenye mawazo hawezi tena kuhukumiwa bila kusikilizwa. Okoth Okombo alipoitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989, aliita The Strange Bride. Yaani ilimbidi aongeze sifa, ugeni au uajabu, ambayo Kijaluo hakikuhitaji kuitamka. Kwa Kiswahili tatizo ni gumu zaidi. Bi arusi ni wa siku za harusi, na siku hizo zikiisha jina limeisha. Mkaza mwana ni uhusiano wa kudumu, hata mwenye mvi huitwa hivyo. Mke mgeni hufahamika, lakini husikika kama mtu atakayerudi kwao. Miaha amesimama kati ya hao watatu, jembe likiwa bado limeegemea ukuta wa nyumba ya mavyaa.