"Nishakula": historia fupi ya uongo wa mezani

Keringet inajulikana kwa maji ya chupa na kwa Faith Kipyegon, binti wa kijiji cha Ndabibit aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: 2016, 2021 na 2024. Kwa hivyo msichana mwembamba akipita mbio asubuhi na mapema, nani atageuka? Hapa wembamba ni dalili ya bidii. Ndiyo maana ugonjwa wa kujinyima chakula unaweza kupita barabarani mchana peupe, tena ukapigiwa makofi.

Ugonjwa huu si wa TikTok. Januari 1866, daktari William Gull wa London aliletewa msichana wa miaka 17 mwenye kilo kama 37. Alimpima, asipate kifua kikuu wala ugonjwa wa tumbo. Msichana alikuwa hataki kula tu. Kilichomshangaza Gull ni kwamba mwili ule uliokwisha haukutulia. Alikuwa mchangamfu, huku na huku siku nzima. Mwaka wa 1873 Gull aliupa ugonjwa jina: anoreksia nervosa. Mwaka huo huo Charles Lasègue wa Paris aliandika kuhusu familia za wagonjwa. Aliona kwamba nyumbani hubembeleza, wakishindwa hutisha, na kadiri wanavyosukuma ndivyo mgonjwa anavyozidi kukaza.

Kwetu hiyo hadithi ilikosa pa kukaa. Njaa tuliyoijua ni ya ukame, kama ile ya 1984 iliyoleta mahindi ya manjano kutoka nje. Mtu kuwa na kimyet na mursik mbele yake halafu akatae? Ikaitwa maringo, au ugonjwa wa wazungu.

Kumbe michezo ilikuwa inaandika ukurasa wake. Mwaka wa 1992 wataalamu wa Marekani waliunganisha mambo matatu kwa wanariadha wa kike: kula kusikotosha, hedhi kukoma, mifupa kudhoofika. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapanua picha hiyo na kuwaingiza wanaume pia. Halafu 2016 utafiti uliofanywa hapa Kenya, ukachapishwa katika Journal of Sports Sciences, ukaonyesha kwamba wakimbiaji chipukizi wa kike wako hatarini kwa yote mawili: upungufu wa nguvu mwilini na ulaji uliovurugika. Si ya wazungu tena.

Basi utamjuaje, kama kila mtu hapa ni mwembamba? Usiangalie kilo pekee, maana wengine wanaugua na uzani wao ni wa kawaida. Angalia mabadiliko. "Nishakula" imekuwa jibu la kila siku. Anapikia wengine, yeye anachezesha chakula kwenye sahani. Anaenda chooni kila baada ya kula. Baridi ya Keringet tunaijua, lakini yeye anavaa sweta mbili hata jua likiwaka. Anazimia. Hedhi imepotea miezi kadhaa na rafiki zake wanamwambia ni kawaida ya mbio. Si kawaida. Mfupa umepata ufa, bado anatoka kukimbia, na akizuiwa anapandwa na hasira au hofu.

Hatari ni ya kweli. Mwimbaji Karen Carpenter alikufa 1983, moyo ukiwa umechoka, akiwa na miaka 32.

Lasègue alishaonyesha kisichosaidia. Usimwambie "kula bana", usimsifu kwa kupungua, usimfanye mzaha mbele ya watu. Mtafute mkiwa wawili, mbali na meza. Mwambie ulichoona: "Naona siku hizi huli na sisi, na juzi ulianguka. Nina wasiwasi." Akikataa, rudi tena wiki ijayo. Mpeleke kwa daktari, si kwa kocha peke yake, na akizimia au moyo ukienda mbio bila sababu, msingoje kesho.

Yule msichana wa 1866 alipona. Kufikia 1868 alikuwa na kilo 58. Kuna mtu aliyemwona mapema kiasi cha kumpeleka kwa daktari.